Habari za Mazimwi: Shing'weng'we wa Usukuma na Viumbe vya Ngano za Japani

Walimu na wachungaji walio katika nchi ya Usukuma, na hasa wa pande za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, ambazo tangu mwaka 2012 zimekuwa mkoa mmoja uitwao Simiyu, hawana haja ya kuambiwa Shing'weng'we ni nani. Mtoto wa huku hulijua jina lake kabla hajajua kuhesabu. Walakini mara nyingi tumeulizwa na walimu wageni, waliotoka pwani au kusini: Je, jambo hili ni dini ya wazee, au ni mchezo wa watoto, au ni uchawi? Swali lao ni zuri, maana mtu asiyelijua jibu lake aweza kukosa kwa njia mbili. Ama atapiga vita hekaya isiyo na hatia, akawanyima watoto urithi wao. Ama ataiacha fitina iuayo watu ipite mbele ya macho yake, akidhani nayo ni hekaya tu.

Basi tumeonelea yafaa kulieleza jambo hili kwa kulilinganisha na habari za nchi iliyo mbali nasi, yaani Japani, ambayo wenyeji wake wamekusanya habari za mazimwi yao kwa bidii kubwa. Mambo ya kwetu huonekana vema zaidi yakiwekwa kando ya mambo ya wengine.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Kwa Kiswahili kiumbe kama Shing'weng'we huitwa zimwi, na wingi wake mazimwi. Shina lake ni moja na lile la mzimu na kuzimu, tena laonekana katika lugha nyingi za jamaa ya Kibantu: Wakikuyu na Wachaga husema irimu, na Wazulu husema izimu. Yamkini zamani sana neno hili lilikuwa moja tu, likiwahusu wafu, kisha likatengana njia mbili: mzimu likabaki kwa wazee waliokufa ambao watu huwaheshimu na kuwaogopa, na zimwi likawa la kiumbe cha ngano kilacho watu. Tazameni pia mithali isemayo, Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hapo twaona kwamba wazee hawakulipa zimwi upatanisho wa mtu wala wa mnyama, hawakusema "amjuaye," bali "likujualo." Kwao halikuwa mtu. Jambo hili dogo la sarufi tuliweke moyoni, maana tutalirudia.

Katika Usukuma mambo ambayo wageni huyachanganya kuwa moja ni matatu, na kila moja lina mahali pake.

La kwanza ni masamva, yaani roho za wazee waliotangulia. Hao si mazimwi kamwe. Ni baba na mama na mababu wa watu, wenye majina na makaburi yao, na husemwa kwamba wakisahauliwa huleta ugonjwa au shida nyumbani. Mtu akiona dalili hiyo huenda kwa nfumu, yaani mganga, ili ajue ni mzee yupi anayetaka kukumbukwa. Mwalimu amwambiaye mtoto kwamba masamva ni mazimwi amemtukana babu yake, wala asishangae asipomwona mtoto huyo tena shuleni.

La pili ni Shing'weng'we, na huyu ni wa hekaya. Habari zake huelezwa usiku, penye moto, wanawake na watoto wakiwa ndani au wanaume na vijana wakiwa uani penye shikome, ambapo zamani ndipo palipokuwa shule ya wavulana. Hekaya yake kubwa, kwa kifupi, ni hii. Zamani Shing'weng'we aliwameza watu wote na mifugo yote, asibaki hata mmoja, ila mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha ndani ya chungu ya makapi. Mwanamke huyo akazaa mtoto mwanamume, akamwita Masala Kulangwa. Masala kwa Kisukuma ni akili, na jina zima hufasiriwa mwerevu, mtu mwepesi wa kufahamu. Kijana alipokua akamwuliza mama yake kwa nini wako wawili tu duniani. Naye akamwambia habari za zimwi. Kijana akatoka kulitafuta. Kwanza akaua panzi, akarudi kwa shangwe akidhani ndiye. Mama akamwambia siye. Akaua ndege, siye. Akaua swala, siye. Mwisho akamkuta Shing'weng'we mwenyewe, akamwua, akampasua tumbo, wakatoka baba yake na watu wote na ng'ombe wote. Lakini alipokuwa akipasua, kisu chake kilimkata sikio kikongwe mmoja aliyekuwa tumboni. Kikongwe akakasirika sana, akataka kumloga. Kijana akatafuta dawa, akaliponya lile jeraha. Ndipo watu wote wakamfanya kuwa mtemi wao, na mama yake akapewa heshima kubwa.

Wahubiri wengine wa Usukuma wamemfananisha Masala Kulangwa na Mwokozi, kwa kuwa alizishukia nguvu za kifo akawatoa waliomezwa. Mfano huo si mbaya, lakini mara nyingi tumesikia ukielezwa bila ile habari ya kikongwe na sikio lake, kana kwamba ni kipande cha kuchekesha tu. Sisi twaona ndicho kipande chenye maana kubwa, kama itakavyoonekana mbele.

Hekaya hii haiko Usukuma peke yake. Basuto, walio mbali kusini, wanalo zimwi lao liitwalo Kholumolumo, lililomeza watu wote hata akabaki mwanamke mmoja, na mwanawe akaja kuwaokoa. Pwani yetu vile vile, Askofu Edward Steere alichapisha mwaka 1870, katika kitabu chake cha hadithi za Unguja, habari za Sultani Majinuni na nunda mla watu. Nunda huyo alianza kuwa paka wa nyumbani. Akala kuku, akala mbuzi, mwisho akala watu, na sultani hakutaka kumwua kwa kuwa ni paka wake. Aliyemwua ni mwana mdogo, aliyedharauliwa kwa kukaa jikoni, naye pia aliua mnyama mmoja baada ya mwingine, na kila mara mama yake akamwambia siye. Kijana wa Unguja na kijana wa Usukuma wametembea njia moja. Mafunzo yao hayafichiki: ovu lisipokatazwa lingali dogo hukua; na mtu hashindi jambo kubwa pasipo kujaribu kwanza madogo na kukubali kusahihishwa.

Sasa tuvuke bahari twende Japani. Huko viumbe wa namna hii huitwa kwa jina moja la jumla, yokai, nao ni wengi mno. Yuko oni, jitu lenye pembe lichukualo rungu la chuma. Yuko tengu, akaaye milimani, mwenye pua ndefu au mdomo wa ndege. Yuko kappa, akaaye mitoni, wa kimo cha mtoto, ambaye utosini ana kishimo chenye maji. Maji hayo yakimwagika nguvu zake zimekwisha. Kwa hiyo watoto hufundishwa kwamba wakikutana naye wamwinamie kwa adabu, maana yeye naye ni mwenye adabu, atainama kuwarudishia salamu na maji yatamwagika. Mzazi wa Kijapani amwambiaye mwanawe habari za kappa amemfundisha mambo mawili kwa mara moja: kutocheza penye maji mengi, na kuwaamkia watu. Mazimwi ya ngano ndivyo yalivyo po pote; ni walimu wasiolipwa mshahara.

Hata kijana mshindi wanaye. Jina lake ni Momotaro, aliyetoka ndani ya tunda, akalelewa na wazee wawili wasio na mtoto, kisha akaenda kwenye kisiwa cha maoni, pamoja na mbwa, nyani na ndege, akawashinda. Sisi tuliomjua Masala Kulangwa twamtambua mara moja.

Watu wa Japani hawakuyaona mambo haya kuwa upuzi usiostahili kuandikwa. Mwaka 1776 mchoraji Toriyama Sekien alitoa kitabu cha picha za viumbe hao, kila mmoja na jina lake. Mwaka 1910 mtaalamu Yanagita Kunio alichapisha habari 119 za wilaya ya Tono, alizozipata kwa kinywa cha kijana mmoja mwenyeji wa huko, na kitabu hicho kidogo ndicho kilichokuwa mwanzo wa elimu ya desturi za watu wa nchi ile. Yanagita hakuwacheka wanakijiji, wala hakuwaambia wasomaji waamini. Aliandika tu kama alivyosikia.

Kabla yake alikuwapo mtu mwingine, Inoue Enryo, aliyezaliwa mwaka 1858 akafa mwaka 1919. Huyu alikuwa mwana wa hekalu la Kibudha, akapelekwa na wakuu wa dini yake kusoma katika chuo kikuu cha Tokyo. Siku zile watu walikuwa wamevutwa mno na mchezo uitwao kokkuri, wa kuweka mikono juu ya meza ndogo ya miguu mitatu ili roho ya mbweha ijibu maswali kwa kuitikisa. Inoue akachunguza, akaonyesha kwamba meza husukumwa na mikono ya wachezaji wenyewe pasipo wao kujijua. Tangu hapo alizunguka nchi nzima akifundisha watu kupambanua jambo la kustaajabisha lililo kweli na lile litokalo katika hofu, desturi au udanganyifu. Kwa hiyo Japani ilipata watu wa namna mbili, mmoja mlinzi wa hekaya na mmoja mpinga hofu, na kazi zote mbili zilihitajiwa. Mwalimu wa Usukuma imempasa kuwa wote wawili katika mwili mmoja.

Twasema hivi kwa sababu huko Japani pia mambo hayakuishia penye hekaya. Katika pande za Izumo, magharibi ya nchi ile, palikuwa na jamaa za watu walioitwa wenye mbweha. Walisingiziwa kwamba wanafuga mbweha wasioonekana, ambao huwaletea mali nyumbani kwao na kuwatia jirani magonjwa na wazimu. Mtu wa jamaa hiyo hakupata mchumba kwa watu wengine, na sifa hiyo mbaya ilirithiwa na watoto. Wachunguzi waliona kwamba wengi wa walioitwa hivyo walikuwa watu waliopata mali upesi katikati ya majirani waliobaki maskini. Basi hapa hatuzungumzi tena juu ya oni mwenye pembe. Hapa zimwi limevikwa uso wa jirani.

Na hilo ndilo jambo la tatu la Usukuma, lile lisilo hekaya wala ibada ya wazee. Ni maneno yasemwayo juu ya balogi, yaani wachawi. Husemwa kwamba balogi hufuga fisi, aitwaye mbiti kwa Kisukuma, na kwamba usiku huwapanda na kwenda nao mbali. Husemwa kwamba mtu aweza kufa na kuzikwa machoni pa watu, kumbe amefichwa awe msukule, alime shamba la mchawi usiku bila kusema neno. Tazameni tofauti yake. Shing'weng'we hana kijiji, hana shamba, hana mume wala watoto. Mchawi wa maneno haya anavyo vyote. Tena mara nyingi ni mjane, ni mzee, anakaa peke yake, na macho yake ni mekundu.

Juu ya fisi, jibu si gumu kulipata, maana nchi yetu imepakana na Serengeti. Fisi hutembea usiku kwa kuwa ndiyo kawaida yake, hukaribia nyumba kwa kufuata mifupa na mizoga, na sauti yake ifananayo na kicheko ni njia yake ya kusemezana na wenzake. Kundi la fisi wenye madoa huongozwa na majike, nao majike ni wakubwa kuliko madume. Hapana mtu aliyewafundisha.

Juu ya macho mekundu, jibu lake tulilipata kwa namna tusiyoitazamia. Mwaka mmoja tuliwapa watoto wa shule yetu kazi ya kuandika insha juu ya zimwi. Mmoja, mwandishi mzuri kuliko wenzake, hakuandika habari za Shing'weng'we. Aliandika kwamba zimwi hukaa nyuma ya shamba la pamba lililo kando ya shule, lina fimbo, lina macho kama kaa la moto, na usiku fisi hulala mlangoni pake. Tulijua mara moja ni nyumba ya nani. Tulimwita mtoto, tukamwuliza nani aliyemwambia. Akajibu, "Mwalimu, watu wote wasema." Hatukumpiga. Tulijua kwamba maneno yale hayakuanza kwake, na tuliogopa sana, kwa kuwa watu wazima waliyasema hata mtoto akayajua hivyo.

Jumamosi tuliwachukua watoto kumi, naye akiwamo, tukampelekea bibi yule maji na kuni. Alitukaribisha jikoni, akasema, "Karibuni, wajukuu wangu," akataka kutupikia viazi. Jiko lake lilikuwa chumba kidogo kisicho na dirisha. Katika nchi yetu miti imekwisha, na watu wengi hupikia mabua ya pamba na mavi makavu ya ng'ombe, ambayo moshi wake ni mkali. Tulikaa humo kwa adabu muda wa kuiva viazi. Tulipotoka nje, watoto wakatazamana, wakaanza kucheka: macho ya kila mmoja yalikuwa mekundu, nayo yetu sisi walimu pia. Yule mwandishi wa insha hakucheka. Juma lililofuata alituletea insha nyingine, ndefu kuliko ile ya kwanza, juu ya Masala Kulangwa. Bibi yule aliishi miaka kadhaa baadaye, akafa kwa uzee kitandani pake.

Si wote waliopata mwisho kama huo. Msomaji asidhani twalikuza jambo. Vikongwe wengi wa Usukuma wameuawa kwa mapanga kwa ajili ya maneno kama yale ya insha ya kwanza. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, ambayo wakati huo nchi yetu ya Bariadi ilikuwa ndani yake, serikali ilianza msako wa wauaji hao. Lakini wasakaji nao wakazidi mpaka, watu wakateswa, na wengine wakafa mikononi mwao. Kwa ajili hiyo Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwaka 1977, akichukua dhamana ya jambo asilolitenda kwa mkono wake. Kisha tangu mwaka 2007 hivi yakatokea mauaji ya watu wenye ualbino katika pande za ziwa, kwa sababu ya waganga wadanganyao kwamba viungo vyao huleta mali. Na kabla ya visu palitangulia maneno: ilisemwa kwamba watu hao hawafi kama wengine, bali hutoweka. Yaani waliambiwa si watu, ni mazimwi. Ndiyo maana walimu wanapaswa kuliacha kabisa jina la zamani walilopewa, na kusema mtu mwenye ualbino, wakitanguliza neno mtu. Umoja wa Mataifa umeiweka siku ya 13 Juni kila mwaka iwe ya kuwakumbuka, nayo ilianza kuadhimishwa mwaka 2015. Siku hiyo yafaa itumiwe shuleni.

Wala tusidhani kosa hili ni la wasiosoma. Mwaka 1945, wakati wa vita kuu, huko Japani ilitengenezwa filamu ya picha za kuchorwa ya kumsifu Momotaro yule yule wa watoto, na maoni anayoyashinda humo ni Waingereza. Hekaya njema, iliyofundisha ushujaa, iligeuzwa kuwa njia ya kumwondolea adui utu wake. Nao waliofanya hivyo walikuwa watu wa elimu nyingi.

Basi shauri letu kwa walimu na wachungaji wenzetu ni hili. Kwanza, hekaya za Shing'weng'we zikusanyweni. Wazee wazijuao wanapungua, na kila kijiji kina namna yake ya kuieleza. Andikeni kwa Kisukuma kama zilivyosemwa, kisha kwa Kiswahili, wala msizitengeneze ili zipendeze. Pili, msiyaite masamva mashetani mbele ya watoto. Mkitaka kuhubiri juu ya wafu, hubirini kwa heshima ipasayo makaburi ya watu. Tatu, mkisikia hekaya ambayo zimwi lake lina nyumba inayojulikana, na jina la mtu aliye hai, jueni ya kuwa hiyo si hekaya tena. Msingoje kesho. Nendeni nyumbani kwa mtu huyo mchana, watu wakiona, mkae, mle chakula chake, na siku ya pili mrudi tena. Kisha mwambieni mjumbe wa mahali hapo.

Sarufi ya wazee wetu ilipambanua vema: zimwi ni "li," mtu ni "a." Na wale waliotunga habari za Masala Kulangwa walijua jambo ambalo sisi tumekawia kulijua. Kijana alipomwua Shing'weng'we kazi yake haikuwa imekwisha. Palibaki kikongwe mwenye hasira na jeraha, ambaye watu wangeweza kumwita mchawi, na kijana mwenye kisu mkononi. Kisu kile hakukitumia mara ya pili. Alitafuta dawa ya sikio, na baada ya hapo ndipo watu walipoona kwamba anastahili utemi.